Tunalipia mibofyo, wageni hatuwaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie gharama ambayo haiandikwi popote kwenye bei ya safari ya Mlima Kilimanjaro. Ni fedha tunayolipa sisi wenye kampuni ndogo za kupandisha wageni ili jina letu lionekane mtu anapotafuta mtandaoni. Nilianza mlimani kama mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mizigo, nikawa mpishi wa kambini, nikasomea uongozaji, na leo nina kampuni yangu hapa Moshi yenye leseni na vibali vyote. Ada za hifadhi nazijua: kwa njia za mahema, mgeni mmoja ni dola 70 za uhifadhi kwa siku, dola 50 za kambi kwa usiku, dola 20 za uokoaji kwa safari, na VAT ya 18% juu yake. Ni nyingi, lakini nalipa, napewa risiti, geti linafunguliwa, na najua kila dola imelipia nini. Za matangazo ya mtandaoni zinatoka kwenye kadi yangu bila mimi kujua zimenunua nini, na hakuna mtu Tanzania nzima ninayeweza kumfuata kumuuliza.

Kwa wasioifahamu biashara hii, inakwenda hivi. Mtu akiwa Munich au Toronto akaandika kwenye simu yake kwamba anatafuta safari ya Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, mnada unafanyika kabla hata ukurasa haujamfungukia. Kampuni zote zilizochagua maneno hayo zinashindanishwa kwa bei ya juu ambayo kila moja imesema iko tayari kulipa, na kwa alama ambazo kampuni ya utafutaji yenyewe imetoa kwa kila tangazo na kila tovuti. Mshindi anakaa juu. Halipi mpaka mtu abofye. Akibofya, analipa, hata kama aliyebofya ameondoka kabla picha ya kwanza haijafunguka. Kuelekea msimu wa Juni nimelipa dola nne, dola tano, wakati mwingine zaidi ya sita kwa mbofyo mmoja. Mibofyo michache namna hiyo ni ujira wa siku nzima wa mgumu aliyebeba kilo 20 kutoka geti la Machame mpaka kambini.

Sipingi kulipia tangazo. Redio inalipiwa, bango la barabarani linalipiwa. Ninachopinga ni kuuziwa kitu ambacho muuzaji ndiye anayekihesabu, ndiye anayeamua kama ni kizima au kibovu, na ndiye anayesikiliza malalamiko.

Akaunti ya matangazo ina ripoti inayoonyesha watu waliandika nini kabla ya kubofya. Inaonyesha baadhi tu. Sehemu nyingine imefichwa: fedha imekatwa, lakini maneno yaliyosababisha ikatwe hayaonyeshwi. Katika hayo machache yanayoonekana nimekuta mtu aliyekuwa anatafuta nauli ya basi la Kilimanjaro Express kutoka Dar es Salaam. Nimekuta aliyetaka bei ya bia ya Kilimanjaro. Nimekuta mwanafunzi, bila shaka wa kazi ya nyumbani, aliyeuliza kilele cha Kibo kina mita ngapi. Ni 5,895, na jibu hilo limenigharimu dola tatu na senti kadhaa. Nimekuta vijana wetu wenyewe wakitafuta nafasi za upagazi. Hao ndio walioniuma zaidi, kwa sababu wangekuja ofisini ningewapokea bure na kuwaambia ukweli kuhusu msimu.

Mimi nilinunua maneno ya kupanda mlima. Sikununua basi wala bia. Lakini mfumo unajipa ruhusa ya kuamua kwamba maneno fulani yanakaribiana na yale uliyochagua, na ukiulizia unaambiwa kazi ya kuyazuia ni yako. Basi nimezuia bia, nimezuia basi, nimezuia ajira, nimezuia uwanja wa ndege. Yakaja mengine: chapa ya kahawa, shule, hoteli ya Dar es Salaam yenye jina la mlima. Kila neno nalijua baada ya kulilipia, sina namna ya kulijua kabla. Hata nchi unazochagua haziheshimiwi vile unavyodhani. Nimetaja Ujerumani, Uholanzi na Kanada. Kwa mpangilio waliokuwekea tangu mwanzo, wanahesabiwa pia watu wa kwingineko wanaodhaniwa kuwa na shauku na nchi hizo. Mpangilio huo uko ndani kabisa, chini ya vitufe viwili vitatu, na umeshawashwa wakati unafungua akaunti.

Kuna usiku mmoja wa Februari ambao nimeuhifadhi kwenye karatasi, maana nilichapisha ripoti yote. Kati ya saa nane na saa tisa za usiku, bajeti ya siku ilikwisha. Mibofyo ilitoka mji mmoja ambao haujawahi kuniletea mgeni wala barua pepe ya kuuliza bei. Simu zilikuwa za aina ileile. Muda wa kukaa kwenye tovuti uliandikwa sekunde sifuri, sekunde moja, sifuri, sifuri. Hakuna aliyefungua ukurasa wa njia, hakuna aliyefungua ukurasa wa bei. Asubuhi hiyo, Wajerumani na Waholanzi wakiamka na kuanza kutafuta, tangazo langu halikuwepo tena. Kama ilikuwa mashine au mshindani, siwezi kusema. Niliandika kulalamika, nikaambatanisha karatasi zote. Jibu lilikuja kwamba mfumo umeshachuja mibofyo isiyo halali na iliyobaki ni halali. Nikauliza mnatambuaje. Nikajibiwa kwamba njia za utambuzi hazitolewi kwa sababu za kiusalama.

Mhariri, ukienda soko la Mbuyuni hapa Moshi, mizani ya muuza nyama inakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Pampu ya mafuta ina lakiri yao. Mkulima akilazimishwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kuna sheria ya kumtetea. Mimi nanunua mbofyo, kipimo ambacho hakuna mkaguzi wa nje aliyekigusa, kwa fedha za kigeni.

Sitaji jina la kampuni niliyotangaza nayo kwa sababu tatizo ni la mfumo mzima, na mfumo huu una historia inayofaa kujulikana. Biashara ya kuuza nafasi za utafutaji kwa mbofyo ilipata umbo mwaka 1998 kupitia tovuti ya Marekani iliyoitwa GoTo, iliyoanzishwa na Bill Gross; baadaye ikaitwa Overture, na mwaka 2003 ikanunuliwa na Yahoo. Katika GoTo ya mwanzo, bei ambayo kila mwenye tangazo alikuwa tayari kulipa iliandikwa palepale pembeni ya tangazo lake. Mtafutaji aliiona, mshindani aliiona. Google ilianza kuuza matangazo yake mwaka 2000, na mwaka 2002 ikahamia kwenye mnada wa mibofyo unaochanganya bei na ubora wa tangazo. Ubora ni jambo zuri kwa mtafutaji. Lakini tangu hapo mwenye tangazo haoni jirani yake analipa ngapi, wala haoni alama zake zimekokotolewaje. Anaona makato tu.

Wala malalamiko ya mibofyo ya uongo si kelele za watu wa Moshi. Duka la zawadi la Arkansas, Lane's Gifts, lilikwenda mahakamani mwaka 2005 kudai kwamba kampuni za utafutaji zinawatoza watu kwa mibofyo ya ulaghai, na mwaka 2006 Google ilikubali kumaliza shauri kwa kiasi kisichozidi dola milioni 90. Sehemu ya wenye matangazo ililipwa kwa salio la kutangazia tena, si fedha mkononi. Na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba Google imedumisha ukiritimba kinyume cha sheria, katika utafutaji na katika matangazo ya maandishi yanayoambatana nao, na kwamba imeweza kupandisha bei za matangazo hayo bila ushindani wa kuizuia. Wamarekani walio na mahakama mlangoni wamechukua miaka kufika hapo. Mwenye kampuni ya watu sita Moshi aanzie wapi?

Sasa nieleze lililonifanya niandike barua hii. Mgeni mmoja Mholanzi tulimpandisha na mkewe, wakafika salama, wakarudi kwao wakatusifia. Mwaka uliofuata akamwambia dada yake atutafute. Dada akaandika jina la kampuni yetu, herufi kwa herufi. Juu kabisa likatokea tangazo la wakala wa Ulaya ambaye hana gari, hana mahema, hana mwongozaji hata mmoja. Yeye anauza safari kisha anatafuta kampuni ya hapa ya kuifanya. Alikuwa amenunua jina letu kwenye mnada. Dada akabofya, akadhani ni sisi, akalipa. Nilijua baada ya wakala huyo kuniandikia mimi, katika kampuni kadhaa alizoziandikia, akiuliza nitampandisha mgeni huyo kwa kiasi gani, na bei aliyopendekeza isingetosha kuwalipa wagumu wangu kama inavyotakiwa. Jina la ukoo wa yule bibi ndilo lililonishtua.

Nilikataa kazi ile. Nilipolalamika kwa kampuni ya utafutaji, niliambiwa kwamba kutumia jina la mwingine ndani ya maandishi ya tangazo kunaweza kuzuiwa, lakini kulinunua kama neno la kutafutia kunaruhusiwa. Ushauri waliotoa ni kwamba na mimi nilinunue jina langu. Yaani jina nililosajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, lililoandikwa kwenye leseni na kwenye fulana za vijana wangu, nililipie kila mara anapolitafuta mtu ambaye tayari ananitaka mimi. Na ninalilipia mpaka leo, kwa sababu nikiacha wiki moja wakala anarudi juu.

Hapo ndipo bei ya mbofyo inapogeuka kuwa suala la ujira. Wakala wa Ulaya ana faida ya kuuza kwa bei ya kwao, anaweza kupanda mnada mpaka sisi tushindwe, halafu anakuja kuteremsha bei ya mwenyeji. Fedha aliyotumia mnadani lazima itoke mahali. Haitoki kwenye ada ya hifadhi, maana hiyo haipunguzwi. Inatoka kwenye chakula cha kambini, kwenye idadi ya wagumu, kwenye posho. Anayeona mgumu amevaa viatu vilivyochanika pale kambi ya Barafu asimlaumu mwenye kampuni peke yake.

Upande wa pili ni saraka, yaani hizi tovuti zinazoorodhesha makampuni. Zamani zilikuwa na heshima yake. Ile ya Yahoo ilipangwa na watu, si mashine. Kampuni ya biashara ililipa dola 299 kwa mwaka ili ikaguliwe, na kulipa hakukuwa hakikisho la kuingizwa. Ilifungwa mwishoni mwa 2014. Ile ya DMOZ ilikuwa ya bure, ikihaririwa na watu wa kujitolea duniani kote, nayo ilifungwa Machi 2017. Zilizobaki mikononi mwetu nyingi ni za aina nyingine. Ipo inayotangaza kampuni kumi bora za Kilimanjaro, na ukiwapigia wanakutajia bei ya nafasi ya tatu na bei ya nafasi ya kwanza. Ipo inayokuuzia ulizo la mgeni, kisha unagundua ulizo hilohilo wameuziwa wenzako watano wa mtaa mmoja, na mgeni wa watu amepokea simu mpaka amezima yake. Mgeni hajui kwamba orodha imeuzwa. Anaamini amesaidiwa kuchagua.

Na ipo ile mbaya kuliko zote. Mwenzetu mmoja, mzee aliyeongoza watu mlimani tangu enzi ambazo njia ya Marangu ndiyo iliyokuwa na wageni wote, aliniletea fomu aliyotumiwa kwa barua pepe kutoka Ulaya. Ilikuwa imeshajazwa: jina la kampuni, sanduku la posta, namba ya simu. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba asahihishe taarifa zake, na kwamba kusahihisha ni bure. Chini kabisa kulikuwa na aya ya kijivu, herufi ndogo kiasi kwamba tuliisoma kwa kuikuza kwenye simu. Aya hiyo ilisema kwamba kusaini ni kuagiza tangazo kwa miaka mitatu, karibu euro elfu moja kila mwaka, na kwamba mkataba unajirefusha wenyewe usipoukataa kwa maandishi. Yeye alikuwa ameshasaini na kuirudisha. Zilifuata ankara, zikafuata barua za wanaojiita wakusanya madeni, zikimtishia mahakama za huko. Mzee hakulala. Alikuwa anawaza kuuza gari. Tulikaa naye, tukamwandikia barua ya kukana, tukamkataza kulipa hata senti, kwa sababu wakipata malipo ya kwanza wanasema umekubali mkataba. Mpaka leo barua zinakuja, ila hazimshtui tena.

Watu wa namna hiyo hawachagui mtu bila mpango. Wanachukua majina kwenye tovuti za maonyesho ya utalii na kwenye tovuti zetu wenyewe, wakijua Kiingereza cha mikataba hakisomwi kwa makini na mtu anayejiandaa kupeleka kundi mlimani kesho yake.

Ninachoomba kinawezekana. Tangu Julai 2022 sheria yetu ya fedha inazitaka kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali nchini kulipa VAT, pamoja na kodi ya 2% ya huduma za kidijitali. Maana yake serikali inazijua, ina anwani zao, na zinajaza fomu zake. Kama zimefikiwa kwa kodi, zinaweza kufikiwa kwa swali la kipimo. Tume ya Ushindani izitake zimpe mwenye tangazo wa Tanzania kumbukumbu kamili ya kila mbofyo aliolipia: saa, mahali, maneno yaliyoandikwa, na sababu ya kukubaliwa kuwa halali. Ziwe na mtu wa kujibu malalamiko, mwenye jina, kwa Kiswahili au Kiingereza, ndani ya muda unaojulikana. Na jina la biashara lililosajiliwa BRELA lisiuzwe mnadani kwa asiyelimiliki, angalau kwa yule anayefanya biashara ya bidhaa ileile.

Kwa Wizara ya Maliasili na Utalii na Bodi ya Utalii, ombi langu ni moja. Leseni zetu zinatolewa na Wizara, kwa hiyo mnaojua nani ni halali ni ninyi. Wekeni orodha hiyo mbele ya mgeni kwa namna anayoweza kuitumia akiwa kwenye simu kule kwao: aandike jina la kampuni aone kama leseni iko hai, aandike Lemosho au Rongai aone nani anafanya njia hiyo kutoka Moshi, Marangu au Arusha. Isiuzwe nafasi humo. Mpangilio ubadilike kila anapofungua, wa kwanza leo asiwe wa kwanza kesho. Tunatumia fedha nyingi kuitangaza Kilimanjaro kwa dunia. Mgeni akishaamua kuja, hatua ya mwisho ya kumpata mwenyeji tumeiacha kwa dalali.

Wenzangu wa Moshi na Arusha waliotumiwa fomu za euro wasisaini, na waliosaini wasilipe kabla ya kupata ushauri wa wakili. Hifadhini bahasha, barua pepe na ankara zote. Sisi wachache tumeanza kukusanya nakala ili tuzipeleke Tume ya Ushindani kwa pamoja kabla msimu wa Juni haujaanza, na tungependa ziwe nyingi.

Wako,
Mwongozaji na mwenye kampuni ya kupandisha wageni,
Soweto, Moshi